Mkono wa Mwalimu

Kila siku, kabla jua halijachomoza, huwa nimekwisha kuamka. Baada ya sala na kikombe cha chai ya rangi, hutia vifaa vyangu ndani ya kikapu: kisanduku cha rangi, brashi tatu, chupa mbili za maji, ubao uliobandikwa karatasi, na kitambaa kikuukuu cha kufutia. Kisha hupanda baiskeli, kwani Tanga ni mji wa baiskeli, nikatoka Ngamiani hadi Raskazone. Pale mtu akikaa ufukoni huiona ghuba, na Kisiwa cha Toten kimejilaza ndani yake kama ng'ombe aliyeshiba. Nina muda wa saa moja na nusu tu. Jua likishapanda, rangi hukauka kabla sijaitandaza, na bahari yote hugeuka kuwa mng'ao mmoja unaoumiza macho. Saa mbili huwa nimerudi nyumbani, mara chache na picha, mara nyingi na karatasi iliyoharibika.

Hiyo ndiyo kazi yangu, kuchora kwa rangi za maji. Kazi yangu ya pili, ambayo ndiyo iliyonilisha kwa zaidi ya miaka thelathini, ni kufundisha. Nilifundisha shuleni hadi nilipostaafu, na sasa nafundisha barazani kwangu kila Jumamosi. Wanafunzi wangu hawazidi wanane: watoto wa shule, mama mmoja mshonaji, kijana fundi wa baiskeli, na mzee mmoja aliyekuwa karani bandarini. Katika insha hii nataka kueleza jambo moja lililonipata katika kazi hii ya pili, ambalo nilipolitenda sikulihesabu kuwa ni kosa. Swali lenyewe ni hili: mwalimu anapomsaidia mwanafunzi wake, msaada unakoma wapi, na wizi unaanzia wapi?

Msomaji asishtuke kwa neno hilo wizi, nitalieleza. Lakini kwanza hapana budi niseme kidogo jinsi rangi za maji zilivyo, maana asiyezijua tabia zake hatauona uzito wa nilichotenda.

Rangi ya maji ni kitu kidogo sana. Ni unga wa rangi uliosagwa ukawa laini, ukachanganywa na gundi ya mgunga, ile gundi ambayo nyingi yake hutoka Sudan. Ukilowesha brashi na kuigusisha kwenye rangi, gundi huyeyuka, maji huuchukua ule unga hadi kwenye karatasi, kisha maji huondoka na unga hubaki. Mchoraji wa rangi za mafuta akikosea aweza kusubiri ikauke, akapaka nyingine juu yake, na kosa likazikwa. Hata ndugu zetu wa Tingatinga, wanaotumia rangi nzito za makopo, wana nafasi hiyo. Sisi hatuna. Rangi yetu ni kama kioo cha dirisha: kila tabaka huonyesha lililo chini yake. Hata rangi nyeupe hatuitumii kwa kawaida. Weupe wa tanga, weupe wa povu, weupe wa kanzu ya mtu anayepita, wote huo ni karatasi tupu iliyoachwa bila kuguswa. Ndiyo maana huwaambia wanafunzi siku ya kwanza kwamba nusu ya kazi hii ni kupaka, na nusu ni kujizuia.

Tena rangi zenyewe hazifanani tabia. Ziko zinazokaa juu juu ya karatasi, ambazo ukizilowesha tena na kuzigusa kwa sponji huinuka. Nyingi za rangi za udongo ni hivyo, na vilevile ile buluu iitwayo ultramarine, ambayo zamani ilisagwa kutoka katika jiwe la thamani la Afghanistan, na tangu miaka ya 1820 watu wamejua kuitengeneza kiwandani. Na ziko zinazozama katika nyuzi za karatasi, zisitoke tena hata ukisugua mpaka karatasi ichanike. Buluu ya Prussia, iliyopatikana mjini Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ni ya namna hiyo. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na mimi husema kwamba aliyeitamka methali hiyo mara ya kwanza angeweza kabisa kuwa mchoraji. Msomaji azikumbuke buluu hizi mbili, kwa kuwa nitazirudia.

Sasa fikiria darasa. Mwanafunzi ameinama juu ya karatasi yake. Anachora jahazi. Amejitahidi asubuhi nzima na picha imekaribia kuwa nzuri, lakini jahazi lake halikai majini. Linaelea hewani kama tiara. Mimi niliyesimama nyuma yake naiona dawa yake mara moja. Mpigo mmoja wa kivuli kizito chini ya ubavu, na jahazi litaketi. Ni kazi ya sekunde mbili. Mkono wangu unawasha. Nikieleza kwa maneno itachukua nusu saa, na huenda asielewe, na akielewa huenda mkono wake usimtii. Nikiichukua brashi, yamekwisha. Yeye atafurahi, mama yake atafurahi, nami nitaonekana mwalimu hodari.

Kila aliyewahi kufundisha kitu anaujua muwasho huo. Anaujua mama anayemfundisha binti yake kukata kitambaa, na baba anayekaa na mtoto penye hesabu za kufanyia nyumbani. Tunauita upendo, na mara nyingi kweli ni upendo. Lakini upendo nao una haraka zake.

Mwaka 1996 nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha nne ambaye nitamwita Zuhura, ingawa si jina lake. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki, na mama yake akiuza chai na maandazi karibu na kituo cha mabasi. Zuhura alikuwa na jicho. Sisemi mkono, kwa kuwa mkono wake ulikuwa bado mzito. Lakini siku moja niliwapa wanafunzi ukuta mweupe wa shule wauchore, wote wakauacha mweupe, yeye peke yake akaupaka zambarau nyepesi upande mmoja na manjano nyepesi upande wa pili. Nilipomwuliza kwa nini, akanijibu, "Ndivyo ulivyo, Mwalimu. Tazama." Nikatazama. Ndivyo ulivyokuwa.

Mwaka huo yakatangazwa mashindano ya kuchora kwa wanafunzi, na zawadi ya kwanza ilikuwa ada ya kidato cha tano na cha sita. Mtu aliyewahi kukaa na mama mjane akihesabu sarafu za maandazi ataelewa zawadi hiyo ilikuwa na maana gani katika nyumba ile.

Zuhura alichora majahazi matatu yakingoja maji yajae. Alifanya kazi kwa wiki tatu, kila siku baada ya masomo, kwa kisanduku cha shule chenye rangi kumi na mbili. Siku moja kabla ya kuzipeleka picha, aliniachia yake mezani akaenda kumsaidia mama yake. Ilikuwa picha nzuri yenye kasoro moja, ileile niliyoitaja: jahazi la mbele halikukaa. Nikaitazama hadi jioni. Nikaiwaza ada. Nikamwaza mama yake. Mwishowe nikafungua kisanduku changu mwenyewe, nikalowesha brashi, nikapiga kivuli kimoja chini ya ubavu wa jahazi, kingine ndani ya maji, na kingine kidogo penye mkunjo wa tanga. Sikutumia hata dakika tano. Jahazi likakaa. Asubuhi yake nikaitia picha katika bahasha, nikaipeleka.

Zuhura akashinda. Shule nzima ikapiga makofi. Mama yake alikuja kunishukuru na bakuli la maandazi lililofunikwa kwa kitambaa cheupe, akaniita baba wa pili wa mwanawe. Nikayala maandazi yale. Sikumwambia mtu yeyote nilichofanya, wala Zuhura mwenyewe, nikijiambia kwamba hakuna la kusema, kwa kuwa nilichofanya ni kufundisha.

Alisoma. Alimaliza kidato cha sita, akaenda chuo cha uuguzi, akawa muuguzi. Lakini tangu alipopewa zawadi ile hakuchora tena. Alikuja darasani kwangu mara mbili tatu, akakaa na karatasi nyeupe mbele yake, akaweka penseli chini, akaaga kwa adabu. Nilidhani ni wingi wa masomo. Wasichana hukua, nikasema, na mambo yao huwa mengi.

Kwa miaka mingi, kila jambo lile liliponijia, nilikuwa na watetezi wangu kichwani. Nitawaita mmoja mmoja, na msomaji awasikilize kwa haki, kwani hawakuwa wapumbavu.

Mtetezi wa kwanza alikuwa desturi ya ufundi. Alisema: tangu lini kazi ya mikono ikawa ya mkono mmoja? Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Jahazi lenyewe lililochorwa halikuundwa na mtu mmoja. Fundi alipima, wanagenzi wakakeketa mbao, wengine wakakalafati. Hata katika nchi za wachoraji wakubwa mambo yalikuwa hivyo. Kule Florence, Italia, iko picha ya ubatizo wa Yesu iliyotoka katika karakana ya Verrocchio katika karne ya 15, ambamo malaika mmoja alichorwa na mwanafunzi wake kijana, Leonardo da Vinci. Na hapa kwetu, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alikuwa na jamaa na wanafunzi waliojifunza kwa kukaa naye na kufanya kazi pamoja naye, na alipofariki mwaka 1972 wao ndio walioiendeleza kazi hiyo hata jina lake likawa jina la mtindo mzima. Basi kwa nini mwalimu wa Tanga aone haya kwa vivuli vitatu?

Mtetezi wa pili alikuwa shida. Alisema: mtoto alihitaji ada. Mtu akizama huulizi kama kamba ni ya nani.

Mtetezi wa tatu alikuwa matokeo. Alisema: nenda wodini uwaulize wagonjwa anaowahudumia. Je, wangependa asingeshinda?

Hoja hizo zilinitosha kwa miaka ishirini na tatu. Mwaka 2019 nilikwenda hospitali kumtazama jamaa yangu aliyelazwa. Nilipokuwa nikitoka, muuguzi mmoja wa makamo akanisimamisha ukumbini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe, macho yangu siku hizi..."

"Mimi ni yule wa ukuta wa zambarau."

Nikamjua. Hakukubali niende zangu hivi hivi. Alinialika nyumbani kwake Jumapili iliyofuata, nikala wali kwa samaki wa nazi pamoja na mumewe na wanawe. Ukutani sebuleni, ndani ya fremu yenye kioo, ilikuwapo ile picha. Baada ya maonyesho ya mashindano alikuwa amerudishiwa. Nilisimama mbele yake nikaisifu, kama mtu anavyosifu, na Zuhura akaja akasimama kando yangu. Akaweka kidole kwenye kioo, chini ya ubavu wa jahazi la mbele.

"Mwalimu, buluu hii niliitafuta sana."

"Buluu gani?"

"Hii. Ile nyingine niliyoipaka ni ya kisanduku cha shule. Niliporudishiwa picha nikaiona hii, nikachanganya zote kumi na mbili, mbili mbili na tatu tatu. Haikutoka. Ndipo nikajua ni ya nani."

Msomaji amekwisha kufahamu. Kisanduku cha shule kilikuwa na ultramarine. Buluu ya Prussia ilikuwa yangu. Zilikuwa zimekaa bega kwa bega juu ya karatasi ile kwa zaidi ya miaka ishirini, moja nyepesi yenye chembechembe, nyingine nzito iliyozama, na mtoto yule mwenye jicho, ambaye nilimsifu kwa sababu ya jicho lake, sikuwahi kufikiri kwamba ataona.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningeanzaje, Mwalimu? Mama alikuwa amekwisha kukuletea maandazi."

Akacheka, nami nikajaribu kucheka. Nikamwuliza kama alinikasirikia.

"Sikukasirika. Nilidhani ndivyo inavyokuwa. Nilidhani yangu haikutosha." Kisha akasema, akiwa bado anaitazama picha, "Ila baada ya hapo nikishika brashi nilikuwa nikijiuliza, hapa Mwalimu angeweka nini? Nikaona heri niache."

Nilirudi nyumbani kwa miguu usiku ule, nikiikokota baiskeli.

Tangu hapo nimewasikiliza tena watetezi wangu, na nimeona pale kila mmoja alipokuwa akinidanganya.

Desturi ya ufundi ni njema, lakini ndani ya karakana kila mtu anajua mikono ni mingi. Leonardo alijua, Verrocchio alijua, na wenye kuagiza kazi walijua kwamba wananunua kazi ya karakana. Vasari, aliyeandika habari za maisha ya wasanii wa Italia mwaka 1550, anasimulia kwamba Verrocchio alipomwona malaika wa kijana wake amewapita wengine wote, aliona haya akaacha kabisa kushika rangi. Wataalamu wa leo hawaikubali sana hadithi hiyo, lakini nimependa jinsi ilivyo kinyume cha yangu. Katika hadithi ya Vasari mwalimu ndiye aliyeacha kuchora. Katika yangu aliyeacha ni mwanafunzi, tena bila ya mimi kujua kama nimemfukuza. Kilichokosekana mezani kwangu jioni ile kilikuwa ruhusa. Nilingoja aende nyumbani. Mtu anayefanya jambo la halali hangoji mwenye mali aondoke.

Ndiyo maana nalitumia neno wizi. Nimejiuliza nilichukua nini, kwa kuwa picha ilibaki na jina lake, na ada aliipata. Jibu ni kwamba huenda angeshinda hata bila ya vivuli vyangu. Jahazi lilikuwa halikai, lakini zile rangi za anga alizoziona yeye sikuziona kwa mwanafunzi mwingine yeyote. Huenda pia angeshindwa. Lolote kati ya hayo lingekuwa lake, angelijua, na angeendelea kutoka hapo. Mimi nilimwondolea kujua. Hata leo hawezi kusema alishinda, wala hawezi kusema alishindwa, na hakuna sponji inayoweza kulitoa hilo.

Tena yuko mwizi mwingine ndani ya wizi huo. Palikuwa na mtoto aliyekuja wa pili. Simjui, sikupata kumwona, sijui kama mama yake alikuwa na maandazi ya kuuza au duka. Kama picha yake ilistahili, basi ada yake niliila mimi kwa brashi, nikamlisha mwingine. Wenye kuandaa mashindano yale walituamini walimu, nami sikuwarudia kuwaambia ukweli. Katika miaka yote ile ya kujitetea, mtoto huyo hakuwahi kuingia kichwani mwangu hata mara moja. Nadhani hiyo ni dalili ya utetezi mbaya: daima kuna mtu ambaye haitwi kutoa ushahidi.

Ama kuhusu shida, hapo ndipo nilipopata aibu kubwa zaidi. Ni kweli mtoto alihitaji ada. Lakini mwaka ule mimi nilikuwa na picha zangu kabatini, na alikuwapo mtu aliyeniuliza mara mbili kama ningemuuzia kadhaa kwa ajili ya nyumba yake ya wageni. Nilikuwa nikisitasita kwa sababu nilizipenda. Ningeziuza, huenda ningelipa ada ya mwaka mmoja, na mwaka wa pili tungeutafutia njia. Hilo lingekuwa msaada, na lingenigharimu. Vivuli vitatu havikunigharimu chochote ila tone la rangi. Nilichagua msaada uliokuwa rahisi kwangu, na bei yake akailipa yeye, kidogo kidogo, kila alipoinama mbele ya karatasi nyeupe akasikia sauti yangu badala ya yake.

Mtetezi wa tatu, yaani matokeo, sina jibu lake kamili, na sitajifanya ninalo. Muuguzi yule yuko, ni mwema, na kazi yake ina faida kuliko picha zangu zote. Nashukuru. Lakini mtu hawezi kujipongeza kwa jema ambalo hakulijua wala kulipanga, na kusema lilihalalisha baya alilolijua na kulipanga. Mungu akinyesha mvua juu ya shamba la mwizi, mahindi yataota, na wizi utabaki palepale.

Mara nyingi siku hizi namfikiri Margaret Trowell, yule mama Mwingereza aliyeanza kufundisha sanaa Makerere, Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1930, na ambaye shule ya sanaa ya chuo hicho imepewa jina lake. Aliogopa kuwajaza wanafunzi wake namna ya Kizungu ya kuchora, akapendelea kuwasimulia jambo na kuwaacha walione wenyewe akilini kabla ya kushika brashi. Mtu aweza kubishana naye kwa mengine. Wapo waliosema kwamba aliwanyima wanafunzi elimu ya ufundi waliyoihitaji, na hoja hiyo nayo ina uzito. Lakini miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Sam Ntiro, kijana wa Kilimanjaro, ambaye baadaye alikuwa mwakilishi wa Tanganyika mjini London baada ya uhuru wa 1961. Picha za Ntiro za watu wakilima, wakivuna na kwenda harusini hazifuati kanuni za Kizungu za mbali na karibu. Watu wake hawana vivuli vya kuwakalisha. Mwalimu mwenye mkono unaowasha kama wangu angewakalisha wote kwa mchana mmoja, na dunia isingempata Ntiro.

Sasa nitaeleza ninavyofanya Jumamosi, si kwa kuwa nimekuwa mwema, ila kwa sababu mtu aliyekwisha kuanguka huiangalia ngazi.

Nina karatasi yangu mezani. Mwanafunzi akikwama, sigusi yake. Huchora tatizo lile kwenye karatasi yangu, pembeni, mbele ya macho yake, kisha huichana na kuitupa, ili asije akainakili. Kabla ya hapo humwuliza swali moja: "Unaona nini?" Mara nyingi tatizo ni la jicho, mkono hausiki. Aliyechora jahazi linaloelea hewani hajapata kulitazama jahazi pale linapokutana na maji. Nikimwambia aende Raskazone alitazame, hurudi na kivuli chake mwenyewe, nacho mara nyingi hakifanani na changu. Kijana wa baiskeli alirudi na kivuli cha kijani. Nilitaka kumwambia amekosea. Kesho yake alfajiri nikaenda kutazama, na maji yalikuwa yametoka, majani ya bahari yamejaa chini ya ubavu wa mashua, na kivuli kilikuwa kijani.

Lakini sitaki msomaji adhani nimeigeuza kanuni kuwa sanamu. Yule mzee wa bandarini mkono wake hutetemeka. Siku moja aliniambia, "Mwalimu, nishike kifundo, nataka mstari huu wa upeo wa bahari ukae sawa, nimeushindwa mwezi mzima." Nikamshika. Tukauchora pamoja, mkono juu ya mkono, na wote waliokuwapo barazani walituona. Alipomaliza aliandika jina lake chini, akataka niandike na langu kando yake. Nilikataa, akasisitiza, nikaliandika. Picha ile iko nyumbani kwake na kila mgeni husimuliwa habari yake. Mkono wangu umo ndani yake kuliko ulivyokuwa katika picha ya Zuhura, wala sikuiba chochote. Mwenye kazi ndiye aliyeniita, alinionyesha mahali pa kuanzia na pa kuachia, na hakuna aliyedanganywa. Basi naona kwamba ubaya haukai katika kugusa.

Zuhura amekuja barazani kwangu mara tatu tangu mwaka ule, siku ambazo zamu yake humruhusu. Mara ya kwanza alikaa tu akawatazama watoto. Mara ya pili alichukua brashi, akaloweka karatasi nzima, akaiacha rangi iende itakako. Anga likaingia baharini na bahari ikaingia katika nyumba, ikawa fujo tupu. Mara ya tatu alichora kikombe. Kilikuwa kimepinda upande wa kushoto, na kivuli chake kilikuwa kimeanguka upande ambao mwanga ulitoka.

Nilisimama nyuma yake. Mkono wangu ukawasha, kama ulivyowasha mwaka 1996, maana mambo haya hayazeeki pamoja na mtu. Nikaitia mikono mfukoni, nikamwuliza anaona nini. Akakitazama kikombe kwa muda mrefu, chai ikapoa ndani yake.

"Bado sijaona," akasema.

Nikamwachia, nikaenda kumtazama kijana wa baiskeli.